Kiti Kinachotazama Barabara

Kwa miaka mingi, mtu yeyote pale Kitale aliyetaka chinyimba za mtoto wake aliagiza kwa Mzee Jairus, na Mzee Jairus alikuwa haoni. Hilo lilijulikana na kila mtu. Macho yake yalikuwa yameingia utando kama maziwa yaliyopoa, na mkono ulimtetemeka hata kikombe cha chai kilikuwa kinafika mdomoni kikiwa nusu. Lakini ukiwa na kijana wa kutahiriwa ulikuwa unakuja hadi kile kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya wauza springi za lori na mama wa chapati, unasimama mbele ya mzee aliyeketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, unamsalimia kwa heshima, unamweleza mkono wa kijana ni mnene kiasi gani, unamwekea malipo kiganjani. Mzee anasema, "Njoo Alhamisi." Nyuma yake, ndani ya moshi, nyundo inaendelea kulia, na wewe unajifanya masikio yako yamebaki nyumbani. Alhamisi unakuta njuga ziko tayari, zinang'aa, unamshukuru mzee kwa kazi ya mikono yake.

Mikono ilikuwa ya Peris, binti yake.

Chinyimba ni zile njuga za chuma ambazo kijana wa Kibukusu huzigonga kwenye bangili za mikono yake akizunguka kwa shangazi na wajomba, akiwaita waje kumwona akisimama mbele ya kisu. Mwaka wa tohara ukifika, Agosti, Bungoma nzima inalia chuma, na Trans-Nzoia inaitikia. Sasa, kuna maneno ya zamani kwamba chuma kinaogopa mwanamke. Ati mwanamke akikaribia moto wa mhunzi, moto unapoa. Ati njuga iliyogongwa na mwanamke itapasuka njiani, na kijana aliyeivaa atatetemeka mbele ya ngariba. Ukiuliza ni nani alisema hivyo, utaambiwa "watu wa kale", na watu wa kale wana raha moja kubwa, hakuna anayeweza kuwapigia simu. Lakini kijana akitetemeka siku ile, ukoo mzima unatembea ukiangalia chini miaka yote iliyobaki. Kwa hiyo hakuna mzazi aliyetaka kuwa wa kwanza kujaribu.

Ndiyo maana ya kile kiti. Mradi kulikuwa na mwanamume amekikalia, kazi ilikuwa ya mwanamume. Peris aliianza akiwa msichana aliyetumwa tu kuchochea makaa. Macho ya baba yakaanza kufifia, akaanza kushika koleo. Yakafifia zaidi, akashika nyundo. Mzee akamtengenezea mvukuto wa kukanyaga kwa mguu, wenye gurudumu la baiskeli, ili asihitaji mtu wa kumsaidia ndani, halafu akatoka na kiti chake, akakiweka mlangoni, akakaa. Hakusema neno. Peris naye hakuuliza. Walivyokuwa wanafanya kazi hivyo, unaweza kudhani waliwahi kukaa kikao wakapitisha azimio.

Mwezi wa pili mwaka huo Mzee Jairus akalala jioni moja, asubuhi hakuamka. Na mwaka wenyewe ulikuwa wa tohara.

*

Wateja walikuja. Hilo ndilo lililomuuma Peris zaidi, kwamba walikuja. Mtu anashuka, anatembea moja kwa moja hadi mlangoni, anakiangalia kiti kitupu, anakohoa.

"Mzee yuko?"

Watu waliokula nyama kwenye matanga yake! Mtu aliyesimama kaburini akaimba sauti ya pili anauliza kama mzee yuko. Peris alikuwa anafuta mikono kwa aproni na kusema, "Mzee tulizika. Niambie mimi." Hapo mteja anaanza kutazama paa, anatazama mfuko wake, anakumbuka kuna mtu anamngoja kule stendi. "Nitarudi, Mama Tonny." Kama kila aliyesema atarudi angerudi, ingebidi polisi waje kupanga foleni.

Gathii, muuza springi wa kibanda cha pili, alikuwa anayaona yote na mdomo wake haujui likizo.

"Mama Tonny, si uweke tu ile sanamu ya kufukuza ndege kwa shamba? Uivalishe koti la mzee. Hawa watu wako hawahitaji mtu. Wanahitaji suruali."

"Basi kaa wewe. Suruali unayo."

"Mimi? Nikikaa hapo hizo njuga zitalia kwa Kikikuyu, na hao vijana wenu wataelekea Nyeri."

Peris alicheka, kwa sababu na Gathii usipocheka anaongeza. Lakini jioni hiyo alimpigia mwanawe Tonny, fundi wa simu kule Webuye. Tonny alimwambia wazi, "Mathe, kitu iko na skrini nitakalia siku mzima. Nyundo, hapana. Si unajua mimi nasikia kizunguzungu nikiona moshi?" Kizazi kimekwisha hapo, wahunzi wa tangu enzi na enzi, kwa sababu ya kizunguzungu.

Aliyebaki alikuwa Sifuna, mdogo wake Mzee Jairus, mwalimu mkuu mstaafu wa huko juu ya Kimilili. Sifuna hakuwahi kushika koleo maisha yake yote. Alikuwa ameshika chaki, na alizungumza na watu wazima kana kwamba bado wanajifunza kujumlisha.

"Peris mwanangu," alimwambia kwa simu, "nimefikiria. Nitakuja nikae."

"Ukae wapi, Baba mdogo?"

"Kwa kiti. Wewe ufanye kazi yako ndani, mimi nikae nje nipokee watu. Jina lisipotee. Mambo ya pesa usijali, nitakuwa nashika mimi."

Maneno yalikuwa ya busara, ndiyo shida ya maneno ya Sifuna, yote huwa ya busara. Akikubali, wateja wangerudi kesho. Akikataa, Agosti ingepita kwenye barabara ileile ikilia njuga za wahunzi wengine, na baada ya hapo nani atamkumbuka? Angebaki kunoa majembe na kuunga miguu ya masufuria. Alimwomba Sifuna ampe muda kidogo afikirie. Sifuna akasema afikirie, lakini afikirie haraka.

*

Wiki hiyo akaja msichana mmoja na begi mgongoni, amevaa buti zenye udongo mwekundu hadi kifundoni. Alikiona kiti, akakizunguka kama anavyozunguka mtu kiti chochote, akaingia ndani kabisa hadi kwenye moto.

"Sasa, mama. Mimi ni Nasike. Natafuta fundi wa chuma."

Peris aliangalia nyuma kuona kama anaambiwa mtu mwingine.

Nasike alikuwa wa Bungoma, anasomea mambo ya kale chuo kikuu, ile kazi ya kuchimba ardhi kwa brashi badala ya jembe. Alitoa kwenye begi jiwe jeusi lenye matundu, zito kuliko linavyoonekana, akaliweka juu ya fuawe. Fuawe yenyewe ilikuwa kipande cha reli ambacho Mzee Jairus alikipata zamani na hakuna aliyeuliza kwa nani.

"Unalijua hili?"

Peris alilichukua, akaligeuza mara moja tu. "Si mavi ya chuma? Hata mimi nakwangua kila jioni chini ya moto. Lakini hili ni jitu. Chuma kilichokunya hivi kilikuwa kimekula sana."

Nasike alicheka hadi akashika ukuta. Halafu akaeleza. Mawe hayo yalikuwa yametoka kwenye shamba la Sifuna, ambaye ndiye aliyemwelekeza Kitale, pale mteremkoni ambapo mahindi hayajawahi kumpita mbuzi kwa urefu. Peris alipajua. Wakiwa watoto, yeye na binamu zake walikuwa wakiyaokota na kuyatupa kwenye ua, na nyanya yao aliyapanga juu ya paa ili upepo wa mlimani usibebe mabati. Miaka yote hiyo historia ilikuwa imekalia mabati. Sasa Nasike na wenzake walikuwa wamechimba, wakapata sakafu ya tanuri la kuyeyushia chuma, kutoka mawe ya chuma yenyewe, zamani kabla springi ya lori haijazaliwa. Ni zamani kiasi gani walikuwa hawajui. Mkaa walikuwa wameutuma ukapimwe.

"Ningependa mtu anayeshinda na moto aje aone," Nasike alisema. "Mimi moto naujua kwa vitabu."

"Kulikuwa na akina nani hapo?" Peris aliuliza.

"Ndio tunatafuta."

Peris alizima moto, akafunga kibanda mchana kweupe, Gathii akapiga mluzi. Hakumwambia mtu alichokuwa anakitafuta yeye. Lakini njia nzima hadi Kimilili alikuwa na wazo moja tu kichwani. Kama kule chini, chini ya mahindi yaliyodumaa, kulikuwa na mwanamke mmoja aliyewahi kushika kazi hii, basi hakuna haja ya kiti. Atamwonyesha Sifuna, atawaonyesha wateja, mambo yaishe.

*

Sifuna alikuwa amevaa suti ya kanisani. Tangu shamba lake lipate historia alikuwa anaamka mapema kuilinda, na kila aliyepita njiani alipewa somo. Alimpokea Peris kwa mikono miwili, akamwongoza hadi kwenye shimo kana kwamba alilichimba yeye.

Lilikuwa shimo la mraba, kingo zimekatwa kama keki. Katikati kulikuwa na duara la udongo ulioungua hadi ukawa mwekundu na mweusi. Hiyo ndiyo ilikuwa sehemu ya chini ya tanuri. Peris aliteremka taratibu, akachuchumaa. Alikuwa anaona mahali ambapo joto lilipiga zaidi, upande mmoja, na akajua mvukuto ulipulizia kutoka huko, na mwili wake ukajikuta umesogea wenyewe kusimama pale ambapo angesimama kama kazi ingekuwa yake. Mtu alikuwa amesimama pale pale akikohoa moshi uleule. Ilimshika kifuani namna ambayo hata kaburini kwa baba haikumshika.

Nasike akamletea sinia. Juu yake kulikuwa na vipande vya mirija ya udongo, ile iliyopitisha upepo wa mvukuto hadi kwenye moto. Kimoja kilikuwa na alama za vidole. Mtu aliufinyanga ukiwa mbichi, akauminya mwishoni, vidole vikabaki.

"Naweza?"

"Polepole, mama."

Peris aliweka vidole vyake. Vikaingia. Vikatulia mle ndani kama vimerudi nyumbani. Alimwinulia Nasike macho, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa pili uso wake ulikuwa umefunguka.

"Ni mwanamke."

Nasike alikaa kwenye ukingo wa shimo. Alikuwa na ule uso wa muuguzi anayetaka kusema jambo vizuri. "Mama, hakuna kitu ningependa kama hicho. Hata mimi niliweka vyangu, vikaingia. Lakini inaweza kuwa mvulana. Inaweza kuwa mwanaume mwenye mikono midogo, wapo. Na hata kama ni mwanamke, labda alifinyanga tu mrija nyumbani, akauleta, akafukuzwa."

"Huwezi kuandika labda?"

"Naweza kuandika labda. Lakini labda ya mwanamke na labda ya mwanaume nitaziandika kwa kalamu moja."

Peris alitoa vidole vyake, kimoja kimoja.

Sifuna, huko juu, alikuwa anangoja nafasi. "Sasa mwonyeshe lile jiwe," alisema. "Mwonyeshe kiti."

Hatua chache kutoka kwenye tanuri kulikuwa na jiwe bapa, limelainika juu na kubonyea katikati. Nasike alianza kueleza kwamba huenda lilikuwa la kupondea mawe ya chuma, au huenda ni maji ya mvua ya miaka mingi, lakini alikuwa bado kwenye "huenda" ya pili Sifuna alipoteremka shimoni na suti yake yote, akageuka, akapandisha suruali magotini, akakaa.

"Mzee!" Nasike aliruka. "Mzee, toka hapo! Hicho si kiti, ni ushahidi!"

"Ushahidi wa nini kama si wa kiti?" Sifuna alijitingisha akae vizuri. "Ona vile linanitosha. Peris, unaona? Hata wale wa zamani walikuwa na mtu wa kukaa. Kazi inafanywa kule, mkubwa anakaa hapa. Mpango ni uleule."

"Mzee, nakuomba. Hiyo suti imefuta karne nzima."

"Binti, jiwe limekaliwa na babu zangu, sasa mimi nikikalia ndio litaharibika?"

Mpaka akainuliwa kwa mkono, akilalamika kwamba siku hizi mtu anafukuzwa shambani kwake na watoto wenye brashi. Peris hakucheka. Alikuwa anaangalia namna Sifuna alivyokuwa amekaa. Kile kibonyeo kilikuwa kimemgeuza bila yeye kujua. Tanuri lilikuwa nyuma yake. Aliyekaa pale, kama kweli kuna aliyewahi kukaa, alikuwa anatazama bondeni, kwenye njia ambayo watu wangepandia.

Huenda ilikuwa mvua tu. Peris hakumwambia Nasike, kwa sababu hiyo ingekuwa labda nyingine na Nasike alikuwa nazo za kutosha. Lakini ilimkumbusha siku moja miaka ya nyuma, wazee fulani wa ukoo walipokuja Kitale wamekasirika, wamesikia fununu. Wakasimama mlangoni. Nyundo ilikuwa inalia ndani. "Jairus, ni nani anagonga?" Na baba yake, kwa upole kabisa, akajibu, "Mimi nimetazama barabara tangu asubuhi. Sijaona mtu akiingia." Wakangoja. Hakugeuka. Wakachoka, wakaenda zao. Peris siku ile alilia juu ya moto, kwa sababu alitaka baba ageuke na kusema ni binti yangu. Alikuwa amemwekea kinyongo hicho hadi mazishini. Sasa, akiwa ndani ya shimo na vumbi la watu wasiojulikana kwenye kucha, alifikiria jambo ambalo hakuwahi kulifikiria. Mtu asiyeona hahitaji kutazama upande wowote. Baba alichagua kuelekea barabarani. Kile kiti kilikuwa kimezuia mlango.

Haikuondoa kinyongo chote. Kilichobaki alirudi nacho Kitale.

*

Sifuna alifika Jumatatu bila kuitwa, na mto wa kukalia kwapani. Alisalimia kibanda hadi kibanda kama mgombea. Halafu akakishika kiti cha Mzee Jairus, akakiinua, akakigeuza kikaelekea ndani, akaweka mto, akakaa.

"Baba mdogo, kiti kimegeuka."

"Nimekigeuza mimi. Nitaonaje kazi nikiangalia barabara?"

Peris aliwasha moto. Alifanya kazi macho ya Sifuna yakiwa kwenye mikono yake. Sifuna hakuwa mtu mbaya, na anayemjua atakwambia alilipia watoto wa watu karo kimyakimya. Lakini alikuwa mwalimu. "Hapo si umegonga sana? ... Mbona hiyo imekuwa nyeusi? ... Jairus alikuwa anaanzia upande huu." Jairus! Peris alikuwa anakanyaga mvukuto, na kwa kila neno alikuwa anakanyaga kwa nguvu zaidi, hadi chuma kikaanza kumwaga cheche nyeupe. Kilikuwa kimeungua. Akakitupa pembeni. Tangu usichana wake hakuwahi kuunguza chuma.

Wakati huo ndipo Mukhwana alipofika. Mukhwana alikuwa mkulima wa mahindi kutoka Endebess, mtu mkubwa wa maneno machache, na kijana wake wa pili alikuwa atahiriwe Agosti hiyo. Alimwona Sifuna kwenye kiti na uso wake ukapata nafuu.

"Karibu, karibu," Sifuna alisema, akigeuza shingo, maana mteja sasa alikuwa mgongoni kwake. "Unataka njuga za saizi gani? Kubwa ama ya kati?"

Mukhwana alimwangalia. Njuga hazina saizi ya kati. Zinapimwa kwa mkono wa kijana na kwa sauti anayoitaka baba yake. Akageuza macho taratibu hadi kwa Peris. Peris alikuwa ameshikilia nyundo na koleo tupu.

Aliviweka chini. Akafuta mikono. Alitembea hadi mlangoni akapiga goti kidogo, kama anavyofanya mtoto wa kike mwenye adabu mbele ya ndugu ya baba yake.

"Baba mdogo, naomba kiti."

Gathii, kule kwake, aliacha springi ikaanguka.

Kumwomba mzee ainuke si jambo dogo. Sifuna alishika mbao za kiti. "Kiti cha kaka yangu?"

"Hicho. Baba alikikalia akitazama barabara. Wewe umekuja kunitazama mimi. Nikitazamwa naunguza chuma. Uliona."

"Na watu? Nani atakuja kwako, Peris? Nimekuja kukusaidia, mwanangu."

"Najua. Asante. Asipokuja mtu, nitajua kwamba hakuja kwangu. Sasa hivi sijui hata wanaenda kwa nani."

Sifuna akainuka, akachukua mto wake, na kwa heshima yake lazima isemwe kwamba hakupiga kelele. Alisema tu atakunywa chai kwa mama wa chapati, kama mtu atamhitaji. Peris alikigeuza kiti kikaelekea barabara. Akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza, na alishangaa jinsi kilivyokuwa kigumu. Mzee alikuwa amekalia mbao hii miaka yote hiyo bila hata mto.

"Haya," alimwambia Mukhwana. "Nakusikiliza."

Mukhwana alikuwa anahamisha uzito kutoka mguu huu hadi huu. Akainama, akashusha sauti.

"Mama Tonny. Nimesikia huko kwa shamba ya mwalimu wamechimba wakapata mwanamke. Ati amekaa kwa tanuri, nyundo bado iko kwa mkono. Ni kweli?"

Habari zilikuwa zimeshuka kutoka Kimilili kwa kasi yake, na kila kituo zimeongezwa nyama. Na Peris aliona wazi kabisa mlango uliofunguliwa mbele yake. Ndiyo moja tu. Mukhwana angeagiza, angeenda Endebess akasimulia, na kufikia Ijumaa foleni ingefika barabarani. Nasike hangejua. Wa kale wasingepiga simu.

"Hapana," alisema. "Hawakupata mwanamke. Walipata alama za vidole vidogo kwa udongo. Inaweza kuwa mwanamke, inaweza kuwa mwanaume. Hawajui, na mimi sijui."

"Aa."

"Ndiyo hivyo."

Mukhwana alitikisa kichwa mara kadhaa, akaaga, akaondoka. Peris alimwangalia akipita kwa Gathii, akipita kwa wauza mitungi, hadi kofia yake ikapotea. Peris alibaki ameketi. Kama ni hivyo ni hivyo, aliwaza. Majembe pia ni kazi.

Halafu kofia ikarudi. Ilirudi polepole, ikisimama kila kibanda kama inayotafuta kitu kilichoanguka, hadi ikafika mlangoni.

"Kijana wangu mkubwa," Mukhwana alisema, "alivaa zako. Ule mwaka mwingine. Alisimama kama mti."

"Alivaa za Mzee," Peris alijibu. Neno lilitoka lenyewe, kwa mazoea.

Mukhwana alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayemweleza mtoto habari ambazo mji mzima unazo.

"Mama Tonny. Mzee alikuwa haoni."

Kulikuwa na kelele za kawaida za Kitale, mabati yakigongwa, mtu akitukana betri ya gari. Peris aliangalia mikono yake, makovu ya cheche na kucha zenye udongo ambao bado haujatoka wote.

"Mkono wa huyu wa pili ukoje?" aliuliza.

Mukhwana alifinya kiganja chake mwenyewe kuonyesha. "Mwembamba. Lakini nataka zisikike hadi Endebess."

"Njoo Alhamisi."

"Nitangoja. Lakini sasa ukiketi hapo, nani atagonga?"

"Si ninasimama?"

Alisimama, akaingia ndani, akakanyaga mvukuto. Makaa yakafungua macho. Mukhwana alibaki mlangoni na miguu yake iliyotembea Kitale nzima, akakiangalia kiti, akaangalia kushoto na kulia, kisha akakaa. Alikaa akielekea barabarani, mikono juu ya magoti, uso mkavu, kama mtu ambaye hana habari yoyote na kinachoendelea nyuma yake. Kutoka kwa mama wa chapati, Sifuna alinyoosha shingo kuona ni nani ameketi.

Ndani, nyundo ikaanza.